Anayechota Maji Nyumbani Kwangu

Tura Stesheni,
Jumapili, 18 Septemba 1938

Kwa dada yangu mpenzi Apolinaria,

Shikamoo, dada. Shikamoo nyingine umfikishie baba, lakini umpe akiwa ameketi, maana najua magoti yake hayapendi kuinuka kwa ajili ya salamu. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya watu wanaofanya kazi. Mimi nina bega linalouma, Eustadia ana kikohozi cha vumbi la karanga, lakini tunakula, tunalala na tunaamka, na kwa hayo tunamshukuru Mungu. Je, wewe mguu uliojikata na jembe umepona? Watoto wanaendelea kukua au wanaendelea kula tu? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa hakubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe, bado ana kiburi chake?

Barua yako niliipokea Alhamisi kwa mkono wa wachungaji walioleta ng'ombe wa kupakiwa kwenye gari moshi. Niliisoma nimesimama pale pale katikati ya ng'ombe, nikaenda nikaisoma tena nimekaa. Dada, tangu unilee hujawahi kuniandikia maneno makali namna ile, hata nilipoacha shule. Sikukasirika. Nilijua mkono ni wako, lakini maneno mengi ni ya baba.

Umeniandikia kwamba Silasi, mtoto wa shangazi, aliporudi kutoka huku alisema mbele ya watu kwamba nimeoa mke wa pili. Umeniandikia na ushahidi wake wote. Kwamba alifika kwangu jua likiwa utosini, mimi nikiwa relini na Eustadia yuko kwenye ghala la karanga, akaikuta mitungi imejaa maji hadi mdomoni. Kwamba aliuliza maji yanachotwa na nani, hakupata jibu la kueleweka. Na kwamba ukutani aliona ngata mbili za kubebea mtungi, moja ndogo na moja kubwa. Kwa kuwa kwetu kila mwanamke husokota ngata yake kwa kipimo cha kichwa chake, wala haiazimi, Silasi akahesabu ngata mbili akapata wanawake wawili.

Umeniambia habari hizo zimemfikia Mzee Kashindye, baba mkwe wangu, naye amesema binti yake alifunga ndoa kanisani, hakupelekwa kwenye uke wenza. Kwamba ng'ombe watakapoletwa tena stesheni, ndugu zake Eustadia watafuatana nao, waje wamchukue dada yao wamrudishe kwao Ziba. Na kwamba baba yetu amesema hatawazuia.

Dada, sijaoa mke wa pili. Nakuomba uniamini katika hilo kwanza. Halafu nisome polepole, maana jibu la nani anachota maji nyumbani kwangu si la neno moja. Na tafadhali usimsomee baba mpaka wewe mwenyewe umefika mwisho.

Kazi yangu ni ile ile ya genge la reli. Tunatoka alfajiri, tunasukuma toroli kuelekea upande wa lile pori kavu la Mgunda Mkali, tunainua mataruma ya chuma yanayoshikilia reli, yale yaliyozama, tunashindilia kokoto chini yake, na alasiri tunarudi. Mchana chuma cha reli kinaungua hata nzi hatui. Nilipokuja nilidhani nitafanya mwaka mmoja nilipe kodi yangu na ya baba, ninunue ndama, nirudi. Kila mwaka nasema ni huu. Nimechoka, dada. Siandiki hivyo ili unihurumie, nakuandikia kwa sababu ni kweli na kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye hatanijibu kwamba mwanamume hachoki. Baba alisema darasa la tatu linatosha, kwani mtu akijua kusoma barua amemaliza. Ni kweli linatosha kwa barua. Taruma halijui kwamba nimesoma.

Sasa habari ya Tura. Unakumbuka babu alivyokuwa akitusimulia safari zake za kubeba pembe za ndovu, kwamba wakitoka pwani wakiisha kuvuka Mgunda Mkali, wakiiona Tura, walipiga baragumu na kucheza na mizigo mabegani, kwa sababu wamekwisha kuingia kwao? Mimi nilikua nikidhani Tura ni mahali pa neema. Babu hakutusimulia kwamba Tura yenyewe ina kiu. Wapita njia wanakunywa, wanaondoka, wanaacha wenyeji na kisima. Masika maji yako kila mahali, hata njiani. Lakini kuanzia mwezi wa saba visima vya karibu vinakauka, kinabaki kimoja cha korongoni, mbali, na maji yake hutoka kidogo kidogo kama jasho. Mtu akijaza debe moja, anayemfuata anakaa chini anangoja. Wanawake hupanga madebe yao msitari kabla hakujapambazuka, na wa mwisho anaondoka jua limekuwa kali.

Na hapo nilimkumbuka bibi. Bibi naye alikwenda pwani, dada. Alibeba vyungu na unga, na shangazi mgongoni, njia nzima, kwenda na kurudi. Lakini watu wakikaa kusikiliza, walisikiliza pembe ya babu tu. Nguo za ujira alipewa babu. Bibi hakuulizwa hata vyungu vilikuwa vingapi. Sikuwahi kulifikiri jambo hilo mpaka mwaka huu.

Mwaka jana tajiri mmoja wa Tabora alijenga ghala hapa karibu na stesheni. Akamweka mtu wake, Yahaya, anunue karanga kwa wakulima, na akamleta mwanamke wa mjini Tabora anayeitwa Bi Mwanamkuu awasimamie wanawake wa kuzimenya, kuzipepeta na kuchambua mbovu. Sijui kama unaona ukubwa wa jambo hilo. Kodi anadaiwa mwanamume, kwa hiyo vibarua vyote vinamtafuta mwanamume. Relini hakuna mwanamke, barabarani hakuna, stesheni anayefagia ni mwanamume. Mwanamke wa hapa akitaka senti yake alikuwa na njia moja, kupika pombe, na akiwa mtu wa kanisa padri akipita hapa hampi komunyo. Basi Yahaya alipotangaza, walikuja wanawake mpaka wa vijiji vya mbali. Eustadia akawa miongoni mwao.

Lakini tazama jinsi mambo yalivyopangana. Karanga huvunwa masika yakiisha, kwa hiyo humenywa kiangazi. Na kiangazi ndipo maji yanapokimbia. Mvua zikirudi, maji yako mlangoni, lakini ghala limefungwa na mwanamke yuko shambani ameinama. Kazi ya kulipwa inakuja wakati ule ule ambao mwanamke hana asubuhi.

Ghala linafunguliwa kwa kugonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Kikinyamaza, Bi Mwanamkuu anafunga mlango. Si mwanamke mbaya, usimfikirie hivyo. Anawaita wenzake mwanangu, mdogo wangu, na kuna siku alimpa Eustadia tangawizi ya kikohozi kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe. Lakini anasema naye ameajiriwa, gunia lisipojaa gari moshi halimngojei, na wanawake wanaongoja nje kupata nafasi ni wengi. Anayechelewa mara ya tatu, nafasi yake inapewa mwingine.

Kwa hiyo ukiingia humo ndani hutaona wanawake walio hodari kuliko wote wa Tura. Utaona mwenye binti mkubwa wa kumtuma kisimani, mwenye mama mkwe ambaye bado ana nguvu, na yule asiye na mtu wa kumpikia. Jirani yetu Swaumu alikuwa na vidole kama mvua, karanga zilikuwa zinajimenya zenyewe. Ana watoto wadogo wanaofuatana kama vidole vya mkono mmoja, na mumewe yuko genge jingine. Alitolewa kabla hajazoea njia ya kwenda. Sasa anauza vitumbua kwenye gari moshi, siku ambazo gari linakuja.

Eustadia hana binti wala mama mkwe hapa. Unajua yule mtoto wetu alivyotutoka, na baada yake Mungu hajatupa mwingine. Alijaribu kwenda kisimani kabla ya wote, akakuta wengine wamewahi kuliko yeye. Akachelewa mara moja. Akachelewa tena, na Bi Mwanamkuu akamfungulia, lakini akamwambia, Mdogo wangu, mara nyingine nitausikia mlango ukibishwa na sitainuka. Alirudi jioni ile akakaa na kanga yake ya kazini, hakupika.

Nilimwambia aache. Niliona nasema neno la upole. Nilimwambia mshahara wangu ni mdogo lakini haujatuua, kwa nini ajitese. Dada, alinijibu kitu ambacho bado nakisikia nikiwa relini. Alisema tangu ajue kutembea amelima, ametwanga na amechota, na hakuna siku hata moja mtu alimwuliza jioni amefanya kiasi gani. Kule ghalani, jioni Bi Mwanamkuu anapita na taa, anainua kapu na kusema, hili ni la Eustadia, lina punje nzima. Akaniambia hataki utajiri. Anataka tu mtu aendelee kulitazama kapu lake.

Na kwa kuwa nasema kweli leo, lile blanketi la kijivu mlilolipokea wakati wa baridi, ambalo umeniandikia kwamba baba halivui hata akienda kwa jirani, si mimi niliyelinunua. Ni karanga za Eustadia. Alinikataza nisiandike jina lake, akasema zawadi ya mzee itoke kwa mwanawe.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Maji nachota mimi.

Ngata ya pili aliyoiona Silasi ni yangu. Niliisokota kwa gunia kuukuu, na ni kubwa kwa sababu kichwa changu ndicho kile kile mlichokuwa mnakicheka nilipokuwa mdogo. Mke wa pili wa nyumba hii ni Tobias wa Ambrosi, mfanyakazi wa reli, mjukuu wa mpagazi.

Nitakueleza ilivyokuwa, ili usidhani nimerogwa. Nilianza na mzegazega, madebe mawili yakining'inia huku na huku, fimbo begani. Hilo si baya sana, hata wauza maji wa Tabora hubeba hivyo, na nilijiambia kwamba babu naye alibeba begani. Nilikuwa nikishuka kwenye toroli nachukua madebe na kwenda moja kwa moja, saa zile ambazo kisima kimepumzika na wanawake wengi wanapika. Siku moja taruma lilituteleza, likanishukia hapa begani. Halikuvunja, lakini tangu siku hiyo fimbo ikigusa tu naona nyota mchana. Nikaenda na debe moja mkononi, nikafika nyumbani na nusu debe. Basi siku iliyofuata nilijificha nyuma ya kichuguu, nikatazama kama mwizi huku na huku, nikajitwisha kichwani. Maji yakaniingia shingoni mpaka kiunoni. Ninyi wanawake mnafanyaje? Nilikuwa nikitembea kama mtu aliyemeza fito.

Kisima kwetu ni mahali pa wanawake, wewe unajua. Wanajimwagia maji, wanalegeza kanga, wanasema waume zao. Siku walipokuwa wengi nikatokea na ngata yangu, zilipigwa kelele kama fisi ameingia zizini. Kuna mama mmoja mzee, Nyamizi, ambaye ndiye hakimu wa msitari wa madebe. Alinisimamisha mbele ya wote akaniuliza kama mke wangu amekufa. Nikasema hapana, mama. Akauliza kama ni mgonjwa. Nikasema ni mzima. Akauliza, Basi amekupiga? Hapo walicheka mpaka mmoja akaliachia debe lake likamwagika, na ndipo wakanilaumu mimi kwa maji hayo. Nikawaambia mke wangu amekwenda kazini. Nyamizi akauliza ni kazi gani hiyo inayomchukua mke na kumwachia mume debe. Nikasema ni karanga.

Swaumu alikuwepo. Hakucheka tangu mwanzo. Alisema, si kwa ukali, alisema tu kama mtu anayesema mvua zimechelewa, Mimi ningepata wa kunichotea siku ile, leo ningekuwa ndani. Kisha akajitwisha akaondoka.

Nyamizi akanipa sheria. Nikifika kwenye kichuguu nikohoe, watu wajifunge. Nisimame kwenye msitari kama wengine, nisiruke zamu ya mtu kwa nguvu za kiume. Na nitakayoyasikia pale yabaki pale. Nimeyasikia mengi, dada. Mengine yanahusu wanaume wa genge langu, nami nikiwaona asubuhi nashindwa kuwatazama usoni.

Relini nako habari zilifika. Kwenye genge letu yuko Lukumani, Mzaramo, na wewe unajua sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za safari za babu. Alinipokea kwa vigelegele. Akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Akatangaza kwamba Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu wote mpaka mizigo imekwisha duniani, sasa wanabeba ya wake zao. Mtani hakasirikiwi, nikamjibu kwamba Wazaramo tangu zamani wamekaa tu pwani wakingoja kuletewa, kwa hiyo hawezi kujua mzigo unafananaje. Tukacheka. Lakini walicheka na wale ambao si watani, na hao hawakuwa na haki hiyo. Hapo awali mnyapara alikuwa akinitaja kwamba anaweza kuniweka msaidizi wake, nisimamie badala ya kuinua. Siku hizi hanitaji. Alimwambia mtu mmoja kwamba anayeamrishwa na mkewe hawezi kuamrisha genge. Hilo liliniuma kuliko bega, kwa sababu kwa msaidizi hakuna taruma.

Sikuacha. Nilifikiri kuacha, sitakudanganya. Kuna siku niliketi chini ya kichuguu na debe tupu, bega linapwita, nikajisemea kwamba nimetoka kuinua chuma tangu alfajiri, na sasa nakwenda kusimama na wanawake kungoja maji yatoke ardhini. Nikamlaani Yahaya na karanga zake. Kisha nikafikiri kwamba Eustadia ameufanya mwendo huu tangu utoto, mara nyingi kwa siku, na sikumwona hata mara moja akiketi chini ya kichuguu. Nikasimama. Si kwa wema. Kwa kuona haya tu.

Sasa Silasi. Eustadia aliporudi kutoka ghalani akaulizwa naye maji yanatoka wapi, alijibu kwamba yanapatikana. Alikuwa ananifunika, dada, hakuwa anaficha mwanamke. Mimi nilipotoka kisimani jioni nikamwona Silasi barazani kabla hajaniona, nikaliacha debe nyuma ya nyumba, nikaja kumsalimu na kichwa kimelowa. Nikamwambia nimetoka kuoga. Alikaa kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Anaitazama ngata, ananitazama mimi. Mgeni haulizi mambo ya ndani ya nyumba aliyofikia, naye hakuuliza, na mimi nilishukuru kwamba ana adabu. Ningejua adabu hiyo itatembea mpaka Ziba na kurudi na wakwe, ningejitwisha debe mbele yake.

Nilinyamaza kwa ajili ya baba. Baba ni mtoto wa mtu aliyebeba pembe mpaka pwani, na harusini bado anaitwa kwa jina hilo. Sikutaka siku moja aulizwe mbele ya wazee, na mwanao wa Tura anabeba nini? Hata sasa nikiandika naona aibu. Lakini ndugu zake Eustadia wakija, atapoteza nafasi yake ghalani siku hiyo hiyo, na mimi nitapoteza mke kwa dhambi ambayo sikuifanya. Nikilinganisha, naona heri wanicheke.

Kwa hiyo nakuomba, msomee baba yote, usiruke mahali. Akikasirika, mwache amalize, wewe unajua namna ya kumngojea. Kisha nenda wewe mwenyewe kwa Mzee Kashindye, usimtume mtu, maana mtu atapunguza au ataongeza. Mwambie kama hasadiki aje yeye mwenyewe, si wanawe, asimame korongoni alasiri aone nani anakohoa kwenye kichuguu. Na mwambie Silasi sina kinyongo naye. Macho yake yaliona sawasawa.

Eustadia hajui kwamba nakuandikia haya. Nilipomsomea barua yako alisema nisijibu kitu, kwamba heri arudi Ziba aonekane mke aliyeletewa mwenzake, kuliko mimi nichekwe na wadogo zangu. Alisema hivyo huku ananikanda bega, na hakuwa anafanya mzaha.

Nilipofika hapo Eustadia akarudi kutoka kwenye sala, akaona karatasi zimejaa, akauliza ni nini kirefu namna hiyo. Sikuweza kusema uongo siku ya Jumapili. Nimemsomea yote. Alisikiliza amegeukia ukuta. Nilipomaliza alijifuta kwa pindo la kanga, nikangoja anilaumu. Badala yake akaanza kucheka, dada, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampa maji. Akayatazama yale maji kikombeni, akacheka upya.

Anasema kama ni siku ya kusema kweli, basi na yeye aseme yake. Maji ninayoleta ni tope. Wanawake huteka kwa kata, juu juu, wakiyaacha yatulie, lakini mimi nina haraka ya kuondoka pale, nakwangua kwa kopo hadi chini ili debe lijae upesi. Tangu nianze, kila jioni nikisinzia yeye huyachuja kwa kanga yake kuukuu, mara mbili, ndipo anayamimina mtungini, kisha anaifua kanga hiyo na kuianika kwa Swaumu ili nisiione. Nyamizi na wenzake wote wanajua. Hakuniambia kwa sababu aliogopa nikisikia nitaacha.

Nilikuwa nikijiona mwanamume wa ajabu, kumbe nimekuwa nikimwongezea kazi. Nimemwuliza kama kesho niteke kwa kata. Amesema niteke kwa kata, na nikae ningoje kama wenzangu.

Anasema niandike shikamoo yake kwa baba na kwako, na wazazi wake uwaambie hajambo, ana nyumba yake, ana mume mmoja, na mume ana mke mmoja. Wasalimie majirani wote wanaotuulizia, na hata wasiotuulizia. Watoto wape mkono wangu. Mungu akulinde, aulinde mguu wako, na ampe baba subira wakati unamsomea.

Mimi ndugu yako akupendaye daima,

Tobias wa Ambrosi
Genge la Reli, Tura